Kivinjari Kigeni: Hisia ya Kwanza na Kipimo cha Kweli

Utangulizi

Kata ya Mabamba imo katika Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Kama ilivyo katika kata nyingi za mashambani, njia iliyo karibu zaidi ya kuifikia intaneti ni simu ya mkononi, na data hununuliwa kidogo kidogo, kwa kifurushi cha siku au cha juma. Simu ikiharibika na nyingine ikanunuliwa, mara nyingi mwenyewe hukuta ndani yake chombo cha kufungulia kurasa za wavuti ambacho si kile alichokizoea. Haipiti siku moja kabla hukumu haijatolewa: "Hiki kizito," au "Hiki kinakula bando," au kinyume chake, "Hiki chepesi mno, kile cha zamani tukitupe."

Hukumu hizo si jambo dogo. Mwalimu akisema neno darasani, wanafunzi wake humfuata, na fedha zinazotumika ni za wazazi waliouza mahindi na maharage. Aidha, chombo chepesi kwa mfuko chaweza kuwa kizito kwa usalama, wala msomaji asilitambue hilo kwa kukitazama tu.

Katika makala hii tutaeleza kivinjari ni nini, kwa nini hisia ya siku ya kwanza hupotosha, na namna darasa la sekondari lenye simu moja, saa ya mkononi na daftari linavyoweza kupata jibu la kutegemewa.

Kivinjari ni nini?

Kivinjari ni programu inayoomba ukurasa kutoka katika kompyuta ya mbali iitwayo seva, ikaupokea, kisha ikauchora kwenye kioo cha simu au kompyuta. Kazi hiyo ina hatua tano:

(a) Msomaji huandika anwani au hugusa kiungo.

(b) Kivinjari huuliza anwani hiyo ina namba gani, maana kompyuta hutambuana kwa namba, si kwa majina.

(c) Kivinjari hupeleka ombi kwa seva yenye namba hiyo.

(d) Seva hujibu kwa kuleta maandishi yaliyotiwa alama kwa lugha iitwayo HTML, pamoja na maelekezo ya rangi na mpangilio, picha, na programu ndogo ndogo zinazoambatana na ukurasa.

(e) Sehemu ya kivinjari iitwayo injini husoma yote hayo na kuyachora.

Mwanafunzi aangalie kwamba ukurasa hausafiri ukiwa umekwisha kuchorwa. Yanayosafiri ni maelekezo ya kuuchora. Kivinjari ni kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa na vipimo. Mafundi wawili waliopewa vipimo vile vile watashona nguo zinazofanana sana, ingawa meza zao, mikasi yao na mpangilio wa vyumba vyao ni tofauti kabisa.

Kivinjari cha kwanza kiliundwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwishoni mwa mwaka 1990. Mwaka 1993 kikatoka Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 1994 Netscape Navigator. Mwaka 1995 Internet Explorer. Mwaka 2004 Firefox. Na mwaka 2008 Chrome. Ili kila kampuni isije ikawa na wavuti yake, mwaka 1994 kiliundwa chombo cha kimataifa cha kuweka viwango, kiitwacho W3C. Kwa sababu ya viwango hivyo, ukurasa uliotengenezwa vizuri hauna budi kuonekana karibu sawa katika vivinjari vyote.

Tena, vivinjari vingi vyenye majina mbalimbali vina injini moja. Katika simu za Android, Chrome, Edge na Opera ya kawaida hutumia injini iitwayo Blink. Asemaye kwamba kimojawapo "huchora kurasa vibaya" kuliko mwenzake, yafaa achunguze kwanza kama hakuchukizwa na rangi ya vitufe tu.

Mazoea si ubora

Barabara ya Mabamba ikivuka mpaka huingia Burundi. Upande wa Tanzania magari hupita kushoto. Upande wa Burundi hupita kulia. Dereva avukaye kwa mara ya kwanza huona kila kitu kimegeuzwa. Shingo humgeukia asikotokea mtu, na mkono humpeleka kusiko. Je, aseme kwamba barabara za Burundi ni mbovu? La hasha. Barabara haina kosa. Lililo geni ni tabia inayotakiwa kwake.

Chukua mfano mwingine, wa baiskeli. Iko baiskeli ambayo husimamishwa kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, na iko ile ya breki za mkono. Aliyeizoea ya kwanza, akipanda ya pili na kuteremka kilima, miguu yake hurudi nyuma kutafuta breki isiyokuwepo. Atasema, "Baiskeli hii haina breki," na breki zipo, mbele ya vidole vyake.

Ndivyo ilivyo kwa kivinjari. Kazi tuzifanyazo mara kwa mara, kama vile kurudi ukurasa wa nyuma, kufungua kichupo kipya au kutafuta neno ndani ya ukurasa, huhamia mikononi, na akili haizifikirii tena. Tukihamia kivinjari kigeni, kazi hizo hurudi akilini. Kila moja huhitaji kutazama, kukisia na kujaribu. Uchovu huo ni wa kweli, lakini chanzo chake kimo ndani yetu.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia na kupigia hesabu zenye maelekezo kwa Kiswahili. Leo vivinjari kadhaa, Chrome na Opera Mini vikiwemo, navyo huweza kuwekwa katika lugha hiyo. Hata hivyo, Mswahili aliyejifunzia kompyuta kwa Kiingereza aweza kusitasita mbele ya maneno ya lugha yake mwenyewe. Basi ikiwa lugha ya nyumbani yaweza kuonekana ngeni kwa sababu tu hatukuizoea mahali pale, tutautegemeaje ugeni kuwa kipimo cha ubora?

Kasoro za ulinganisho wa siku ya kwanza

Pamoja na mazoea, kuna mambo manne ambayo huharibu ulinganisho.

Kwanza ni akiba ya kivinjari. Kivinjari kikifungua ukurasa huhifadhi ndani ya simu vitu visivyobadilika haraka, kama nembo, mitindo ya herufi na programu ndogo, ili safari nyingine visiombwe tena. Tuchukue mfano wa ukurasa wa megabaiti 2.0, ambamo megabaiti 1.4 ni vitu vya namna hiyo. Kivinjari cha zamani, kilichokwisha kuvihifadhi, kitaleta megabaiti 0.6 tu. Kivinjari kipya, ambacho ghala lake li tupu, kitaleta zote 2.0. Siku hiyo kivinjari kipya kitaonekana kinatumia data zaidi ya mara tatu ya kile cha zamani, na siku ya pili tofauti hiyo huenda isiwepo tena.

Pili ni mizigo ya zamani. Kivinjari kilichotumika mwaka mzima huwa kina vichupo vingi vilivyoachwa wazi na viongezi vilivyosahauliwa. Kipya hakina chochote. Hapa upendeleo hugeuka: kipya huonekana chepesi kwa kuwa hakijabebeshwa mzigo. Kwa hiyo akiba hukionea kivinjari kipya, na mizigo hukipendelea. Mtazamaji wa siku ya kwanza hana njia ya kujua ni lipi lililoshinda.

Tatu ni saa ya siku. Watumiaji wote wa mnara mmoja hugawana uwezo wake. Jioni, watu wengi wanapokuwa mtandaoni, kila mmoja hupata sehemu ndogo. Aliyejaribu kivinjari kimoja alfajiri na kingine saa mbili usiku amepima msongamano wa mnara.

Nne ni mahali. Mawimbi ya simu hukingwa na vilima, na hatua chache kutoka bondeni hadi mgongoni mwa kilima hubadili nguvu yake. Katika maeneo ya mpakani kuna tahadhari ya ziada: simu iliyoruhusiwa kutumia mitandao ya nje yaweza kunasa mnara wa nchi jirani, na gharama ikabadilika bila mwenyewe kuhama alipoketi. Jina la mtandao litazamwe kabla ya kila jaribio.

Hesabu ya ukurasa

Baiti moja ni sawa na biti 8. Kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, ilhali ukubwa wa ukurasa hutajwa kwa baiti. Wengi hukosea hapo.

Tuseme ukurasa una megabaiti 2, na kasi ni kilobiti 250 kwa sekunde. Megabaiti 2 ni megabiti 16, yaani kilobiti 16,000. Ukigawa kwa 250 unapata sekunde 64, zaidi ya dakika moja. Kwa kifurushi cha megabaiti 500, msomaji atafungua kurasa 250 za namna hiyo.

Vipo vivinjari vilivyotengenezwa makusudi kupunguza mzigo huo. Kinachojulikana sana Afrika ni Opera Mini, kutoka kampuni iliyoanzia Norwe, kilichoenezwa duniani mwaka 2006. Kikiwekwa kwenye ngazi yake ya kubana sana, simu haiendi yenyewe kwa seva ya ukurasa. Ombi hupelekwa kwa seva za kampuni. Hizo ndizo zinazouleta ukurasa, kuzipunguza picha, kuziendesha programu ndogo kwa kiasi, na kuubana ukurasa wote kuwa furushi moja dogo kabla ya kulituma kwa simu. Faida ni mbili. Baiti ni chache, na pia zile safari nyingi za ombi na jibu, ambazo kwa ukurasa mmoja huweza kufika makumi, hufanywa na seva zenye njia pana badala ya simu yenye njia nyembamba.

Tukikadiria kwamba ukurasa wetu umebanwa hadi sehemu moja ya kumi, utachukua sekunde 6.4 badala ya 64, na kifurushi kile kile kitatosha kurasa 2,500. Lakini si kila ukurasa hubanika hivyo. Ukurasa wenye jedwali la maandishi matupu, kama zilivyozoeleka kurasa za matokeo ya mitihani, ni mdogo tangu awali, na faida yake ni ndogo. Ukurasa wa habari wenye picha nyingi hubanika sana. Na ukurasa unaotegemea programu zake ndogo, kama fomu ya kujazwa hatua kwa hatua, huweza kukataa kabisa kufanya kazi. Kwa hiyo swali "Kivinjari kipi ni bora?" halijakamilika mpaka iongezwe: "kwa kurasa zipi?"

Nani aliye katikati?

Anwani nyingi leo huanza kwa herufi https. Maana yake ni kwamba kivinjari na seva hukubaliana ufunguo wa siri, na yote yapitayo kati yao husimbwa, kama barua iliyotiwa lakiri. Mwenye mnara huona kwamba barua imepita na inakwenda kwa nani, lakini hawezi kusoma yaliyoandikwa ndani.

Sasa tafakari: seva inayoubana ukurasa itaubanaje bila kuusoma? Haiwezekani. Katika ngazi ile ya kubana sana, lakiri hufunguliwa kwenye seva ya kampuni, ukurasa hubanwa, kisha hufungwa tena kwa safari ya kwenda kwenye simu. Njiani bado pana ulinzi, lakini yuko mtu wa tatu aliye katikati, naye tumempa imani yetu.

Hili halina maana kwamba kivinjari hicho ni kibaya. Kusoma somo la usanisinuru kupitia mtu wa tatu hakuna madhara. Kuingiza nywila ya benki, namba ya siri ya huduma ya fedha au taarifa za mgonjwa ni jambo jingine. Vivinjari vya namna hiyo kwa kawaida huwa na ngazi zaidi ya moja, na katika ngazi ya kawaida simu huzungumza na seva moja kwa moja. Kanuni ya busara ni hii: bana unaposoma, usibane unapotoa siri. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria humwadhibu mkosaji baada ya kosa, haimzuii msomaji kuitoa siri yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna hatari ya kukataa kuhama pia. Internet Explorer kiliachwa rasmi na watengenezaji wake tarehe 15 Juni 2022. Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa kompyuta za Windows 7 mapema mwaka 2023. Kivinjari kisichopokea marekebisho hubaki na matundu yanayojulikana na wezi. Shule yenye kompyuta za zamani isikishikilie kwa sababu tu mikono imekizoea.

Jaribio la darasa

Sehemu ya kwanza: kupima chombo

1. Chukua simu moja yenye vivinjari viwili. Viite A na B.

2. Chagua kurasa kumi ambazo darasa huzihitaji kweli: baadhi za maandishi, baadhi za picha.

3. Futa akiba ya A na ya B, ili vyote viwili vianze na ghala tupu. Angalia usifute alamisho wala nywila zilizohifadhiwa. Ziandike au zinakili kwanza mahali salama.

4. Zima programu nyingine zote zitumiazo data.

5. Katika mipangilio ya simu, soma kiasi cha data kilichotumiwa na A. Fungua kurasa zote kumi, subiri kidogo, kisha soma tena. Toa, halafu gawa kwa kumi. Hii ndiyo njia ile ile ya fizikia ya kupima unene wa karatasi moja kwa kupima karatasi mia: kosa dogo la kipimo hugawanyika.

6. Rudia kwa B. Kisha fanya B tena, na mwisho A, yaani kwa utaratibu wa A, B, B, A, ukifuta akiba kabla ya kila zamu. Kwa njia hiyo, mnara ukizidi kusongamana kadiri muda unavyokwenda, madhara yake yatagawanywa takriban sawa.

7. Rudia zamu zote bila kufuta akiba. Tofauti kati ya matokeo haya na yale ya awali ndiyo faida ya akiba.

Sehemu ya pili: kupima mazoea

Mpe mwanafunzi kazi moja ndogo, mathalani kutafuta neno fulani ndani ya ukurasa uliokwisha kufunguka. Pima sekunde anazotumia kwa kivinjari alichokizoea. Kisha pima kwa kivinjari kigeni kila siku kwa siku tano, ukibadilisha neno na ukurasa lakini si ugumu wa kazi. Chora grafu.

Tuseme, kwa mfano tu, kivinjari cha zamani kilichukua sekunde 28, na kigeni kikachukua 50, 34, 27, 25 na 25. Siku ya kwanza kigeni kilionekana kibaya kwa sekunde 22. Siku ya tano ni bora kwa sekunde 3. Sekunde 25 zilizopungua tangu siku ya kwanza zilikuwa za mazoea. Mahali grafu inapotulia ndipo chombo chenyewe kinapoanza kuonekana. Hukumu itolewe hapo. Na kama grafu ingetulia kwenye 40, mwanafunzi angekuwa na haki ya kusema kwamba kivinjari hicho, kwa kazi ile, hakikupangwa vizuri.

Hitimisho

Hisia ya kwanza si uongo, wala haifai kudharauliwa. Anayekwama siku ya kwanza amegundua kitu. Kazi ya sayansi ni kuuliza amegundua nini. Huenda ni tabia ya mikono yake, huenda ni ghala tupu, huenda ni msongamano wa mnara, na huenda ni kasoro ya kweli ya chombo. Mambo hayo manne hujificha ndani ya neno moja, "kizito", na hayatenganishwi ila kwa kupima. Shule yenye simu moja na subira ya siku tano inaweza kuyatenganisha, na jibu litakuwa la kurasa zake, mnara wake na kifurushi chake.

Maswali

1. Eleza kwa nini kivinjari kipya huweza kuonekana kinatumia data nyingi siku ya kwanza.

2. Ukurasa una megabaiti 3 na kasi ni kilobiti 400 kwa sekunde. Utachukua sekunde ngapi? Ukibanwa hadi sehemu moja ya tano je?

3. Kwa nini tulifuata utaratibu wa A, B, B, A badala ya A, A, B, B?

4. Jirani yako anataka kutumia kivinjari kilichowekwa kwenye ngazi ya kubana sana ili kutazama salio lake la benki. Mshauri, ukieleza sababu.

5. Taja chombo kingine cha nyumbani au shambani ambacho watu hukihukumu kwa mazoea. Buni jaribio la kutenganisha mazoea na ubora.